KURA INAYOSUBIRI ISIPOTEE NJIANI

Katika kila uchaguzi ipo kura moja ambayo haitajwi katika mikutano ya kampeni wala haisomwi redioni usiku wa matokeo. Ni kura ya raia aliyefika kituoni mapema, kadi yake mkononi, akaambiwa kwamba jina lake halimo katika orodha. Raia huyo hakukataliwa na sheria. Umri wake unatosha, alijiandikisha, na hana hatia yoyote. Amekataliwa na karatasi iliyobandikwa ukutani. Akigeuza njia kurudi kwake, hakuna fomu inayobaki nyuma kueleza kwamba alikuja.

Tunataka kulizungumza jambo hili leo kwa kuwa tunaamini limeachwa mno mikononi mwa makarani wa siku moja, na kwa kuwa miongoni mwa wasomaji wetu, wa visiwani na wa ofisi za Serikali, wamo wenye uwezo wa kulirekebisha.

Tuchukue mfano wa Matombo, katika milima ya Uluguru, Mkoa wa Morogoro. Mwananchi wa Unguja au Pemba asidhani kwamba huko ni mbali naye. Mkulima wa Matombo naye anapanda mkarafuu, naye anajua maana ya kungoja msimu na kuhesabu pishi. Na mvua inayoiangukia milima hiyo ndiyo inayoulisha mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Nyumba za huko zimetawanyika miteremkoni, moja huku na nyingine ng'ambo ya bonde. Barabara kubwa ni ile inayotoka Bigwa kuelekea Kisaki. Ukiiacha hiyo, zilizobaki nyingi ni njia za miguu, na mvua za vuli huanza kuziharibu mwezi ule ule wa Oktoba ambao nchi yetu imeuzoea kwa uchaguzi mkuu. Vituo hufunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni. Mama aliyeteremka kwa mguu tangu alfajiri, akafika na kuambiwa ajaribu kituo cha pili ng'ambo ya mto, hakuambiwa jambo dogo. Akiwa na mtoto mgongoni, ameambiwa kwa adabu kwamba siku yake imekwisha.

Kwa nini jina lipotee? Wako wanaokimbilia kusema ni hila. Hila zipo, wala hatutaki kumfanya msomaji mtoto. Lakini sababu nyingi ni za kawaida kuliko hila, na ndiyo maana zinaweza kurekebishwa. Waluguru huhesabu ukoo upande wa mama. Mtu mmoja anaweza kuwa na jina la dini, jina la baba, na jina la ukoo wa mama yake, na yote matatu ni yake kwa haki. Karani aliyemwandikisha mwaka 2015, ulipoanza uandikishaji kwa alama za vidole, akaandika mawili. Karani wa kitambulisho cha taifa akaandika mengine mawili. Herufi l ikawa r. Visiwani hali ni hiyo hiyo kwa njia nyingine: katika shehia moja ya Pemba utawakuta akina Kombo Hamad Kombo watatu, na mmoja wao akipigiwa mstari kwa makosa, wawili waliobaki wataapa kwamba si wao. Kuna vilevile waliohama, walioolewa kijiji cha pili, na wale ambao kituo chao kiligawanywa kwa ajili ya wingi wa watu bila wao kupata habari.

Sheria yetu inayo huruma kiasi fulani. Katika uchaguzi wa mwaka 2020, na tena mwaka 2025, Tume iliruhusu mpiga kura aliyepoteza kadi yake atumie pasi ya kusafiria, leseni ya udereva au kitambulisho cha taifa, mradi jina lake limo katika orodha ya kituo kile. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini tazama masharti yake: aliyepoteza kadi na jina lipo, amepata njia, aliye na kadi na jina halipo, hana njia. Ukiacha ruhusa chache zinazowahusu watumishi walio kazini siku ile, jina lisiloonekana halipewi karatasi ya kura. Yaani makosa ya mwananchi yamesamehewa, na makosa ya daftari yamewekwa juu ya mwananchi. Sisi hatuoni haki iko wapi katika mpango huo.

Wengine wamelitazama jambo hili kabla yetu, na si vibaya kuangalia walikofika na walikokwama. Huko Uingereza, mtu akifika kituoni akakuta mwingine amekwisha piga kura kwa jina lake, hupewa karatasi ya rangi nyingine. Karatasi hiyo haitiwi sandukuni. Hufungwa katika bahasha ya peke yake, na haihesabiwi usiku ule. Hubaki ikisubiri kama shauri litafika kwa jaji. Ni utaratibu wenye heshima lakini wenye ubahili, kwa maana mtu amepewa faraja ya kutia alama, na alama yake haikuongeza kitu.

Marekani wamekwenda mbele zaidi, nao walisukumwa na aibu. Katika uchaguzi wa mwaka 2000 urais wa nchi ile kubwa uliamuliwa na jimbo la Florida, kwa tofauti ya kura 537, na humo wamo raia waliorudishwa vituoni kwa kuwa majina yao yalifutwa kimakosa katika orodha. Mwaka 2002 wakatunga sheria kwamba asiyeonekana katika orodha, akitoa tamko la maandishi na saini kwamba yeye ni mpiga kura halali wa mahali pale, apewe karatasi, aitie katika bahasha, na bahasha iwekwe kando. Baada ya siku ya kura maofisa wanalichunguza daftari. Akionekana ana haki, kura yake inahesabiwa pamoja na nyingine. Na sheria ile ikaongeza jambo ambalo sisi tunaliona ndilo kiini chake, kwamba mtu huyo awe na njia ya kuuliza bila malipo, baadaye, kama kura yake imehesabiwa, na kama haikuhesabiwa, kwa nini.

Tusidhani wamemaliza matatizo. Mwaka 2004 kura za namna hiyo katika jimbo la Ohio zilizidi 150,000, na siku moja baada ya uchaguzi mgombea John Kerry alikubali kushindwa pale alipoona kwamba hata zikifunguliwa zote hazitaiziba tofauti iliyokuwapo. Hadi leo majimbo yao hayalingani: mtu akipigia kura katika kituo kisicho chake, jimbo moja litazihesabu zile nafasi anazostahili kuzipigia, na jingine litaitupa karatasi yote. Afrika ya Kusini nayo iliwaruhusu wapiga kura watumie kituo kisicho chao kwa kujaza fomu tu, mpaka malalamiko ya watu kupiga kura mara mbili katika uchaguzi wa 2019 yalipowafanya wadai taarifa itolewe kabla. Na jirani zetu wa Kenya, alama za kidole zikigoma kusomwa na mashine, wanayo Fomu 32A, ambayo hujazwa mbele ya mawakala ili mtu aliyemo katika daftari asifukuzwe na chombo. Tarehe 9 Agosti 2022 mashine ziliposhindwa katika baadhi ya vituo vya Kakamega na Makueni, daftari la karatasi lilirudishwa mezani, na watu wakapiga kura.

Sasa turudi nyumbani, na hasa visiwani, maana huko ndiko neno "kuweka kura kando" linakowasha watu masikio.

Sheria ya Uchaguzi ya Zanzibar Na. 4 ya 2018 imeweka kura ya mapema, kwa watumishi wa uchaguzi na walinzi wa amani ambao siku ya kura wenyewe watakuwa kazini. Ilitumika tarehe 27 Oktoba 2020, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, na ikatumika tena tarehe 28 Oktoba 2025. Makusudi yake hayana ubaya: askari anayelinda sanduku la mwenzake naye ni raia. Lakini kura ile inalala. Inapigwa leo, inahesabiwa baada ya wengine kupiga zao. Na katika visiwa hivi, kitu chochote cha uchaguzi kinacholala usiku kinaota maneno. Mwaka 2020 maneno hayo yalitangulia hata karatasi zenyewe.

Wako viongozi wanaoudhika wakisikia hivyo, wakisema wananchi wana dhana mbaya. Tungewaomba wakumbuke wananchi hao wamepita wapi. Januari 1961 Chama cha Afro-Shirazi kilipata viti 10, Hizbu 9, na ZPPP 3, na kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja. Moja tu. Miezi mitano baadaye uchaguzi ulirudiwa, na katika ghasia za Juni mwaka ule wakafa watu 68. Mwaka 1995 Dk. Salmin Amour alitangazwa kuwa Rais kwa asilimia 50.2, na Maalim Seif Sharif Hamad akahesabiwa 49.8. Mwaka 2000 majimbo 16 yalipiga kura upya, na Januari 2001 damu ikamwagika. Mwaka 2015 uchaguzi mzima wa Zanzibar ulifutwa tarehe 28 Oktoba, ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016. Na mwaka 2025 ilikuwa zamu ya Bara kuona watu wakipoteza maisha, siku ya uchaguzi tarehe 29 Oktoba na siku zilizofuata. Watu waliolelewa katika historia hiyo wana haki ya kuuliza sanduku limelala wapi na nani alilala karibu nalo. Anayewaona wabaya kwa kuuliza hajui anaowaongoza.

Matombo nayo ina kumbukumbu yake. Mwaka 1950 Serikali ya kikoloni ilileta mpango wa matumizi ya ardhi katika Uluguru, watu wakalazimishwa kuchimba matuta milimani. Hawakuulizwa. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo kuyakataa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango wenyewe ukaachwa. Wakati huo TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja, na katika milima ile ilipata masikio tayari. Hata uchaguzi wa mwanzo uliofuata, wa 1958 na 1959, ulikuwa na sharti lake la ajabu: kila mpiga kura achague watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na asiyetia alama zote tatu karatasi yake ilikuwa batili. Chama kilichojengwa na watu waliojua uchungu wa kutohesabiwa hakitakiwi kuwa chama cha kulitetea daftari dhidi ya mwananchi.

Hapa tuseme waziwazi na makada wenzetu. Wapo mawakala wanaofurahi moyoni mpinzani anaporudishwa kwa kukosa jina, wakiona ni hesabu imepunguzwa upande wa pili. Wakala wa namna hiyo hakielewi kiapo chake, na wala haoni mbali, kwa sababu daftari lenye makosa halichagui rangi ya shati. Yule mama wa ng'ambo ya mto huenda ni balozi wa nyumba kumi.

Je, basi tuchukue bahasha za Marekani na kuzipeleka Matombo? Kwa maoni yetu, hapana, si kama zilivyo. Kinacholinda kura katika nchi yetu ni kwamba inahesabiwa pale pale ilipopigwa, mbele ya mawakala, jioni ile ile, na matokeo yakabandikwa nje ya kituo. Kila kura tunayoiondoa katika mwanga huo wa taa ya karabai na kuipeleka katika ofisi ya wilaya, tunaiondoa machoni pa watu. Isitoshe, matokeo ya urais wa Muungano yakishatangazwa na Tume, Katiba yetu katika ibara ya 41 hairuhusu mahakama kuyachunguza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka 2020 kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Maadamu mlango huo wa baadaye ni mwembamba, mlango wa kituoni lazima uwe mpana na wenye taa. Kura inayosubiri, ikiwa itakuwapo, isubiri kwa saa chache, na isubiri mahali inapoonekana.

Tunayopendekeza ni mambo ya kawaida kabisa. Kila kituo kiwe na orodha ya kata nzima, si ya kituo peke yake, ili karani aweze kumwambia mtu palipo na jina lake badala ya kumwambia ajaribu kwingine. Upande wa Zanzibar iwe orodha ya wadi. Mwenye kadi halisi ambaye jina lake halionekani popote katika kata apewe karatasi, aitie katika bahasha iliyofungwa na kupigwa lakiri mbele ya mawakala, namba ya kadi yake iandikwe katika fomu, na wakala wa kila chama atie saini. Bahasha hizo zisitoke kituoni kabla hazijahesabiwa idadi yake, na idadi hiyo ibandikwe ukutani pamoja na matokeo. Zifunguliwe kwenye majumuisho ya jimbo, baada ya namba za kadi kulinganishwa na daftari la taifa, na kuchanganywa kwanza ili siri ya mtu isitoke. Halafu zihesabiwe zote, iwe tofauti ya wagombea ni kura moja au elfu kumi. Hatutaki mtindo wa kuzifungua pale tu zinapoweza kubadili mshindi. Mtu hakuteremka mlima kwa ajili ya mshindi tu. Aliteremka awe mmoja wa waliosema.

Na huyo asiyekubaliwa hata kwa njia hiyo, kwa kuwa kadi yake si halali au hana kadi kabisa, apewe kipande cha karatasi kinachosema jina, saa, kituo na sababu. Nakala moja ibaki katika kitabu cha msimamizi wa kituo. Watumishi watalalamika kuwa hiyo ni kazi nyongeza, na ni kweli. Lakini leo, ukimwuliza msimamizi yeyote ni watu wangapi waliorudishwa katika kituo chake, atakujibu kwa kukisia. Serikali inayojua idadi ya miche ya mikarafuu inayogawiwa haiwezi kushindwa kujua idadi ya raia iliowarudisha nyumbani.

Kuhusu kura ya mapema ya Zanzibar, dawa ni hiyo hiyo ya hesabu. Orodha ya majina ya wanaostahili ibandikwe kabla. Jioni ya siku ile, idadi ya waliopiga kura, jimbo kwa jimbo, itangazwe redioni kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili. Sanduku lipigwe lakiri ya Tume na ya kila chama kinachotaka, na wakala anayetaka kukesha nalo aruhusiwe kukesha, apewe na mkeka. Kesho yake majina yaliyopiga kura yakatwe kwa wino katika daftari la kituo mbele ya wote kabla mlango haujafunguliwa. Aliyesoma chuoni, hata kama alisoma juzuu chache, anajua kwamba tumeamrishwa kuandika deni, dogo kwa kubwa, na kuliwekea mashahidi, na kwamba hakuna aliyewahi kuliona agizo hilo kuwa ni tusi kwa mkopeshaji mwaminifu. Mwaminifu hupenda kuandikiwa.

Lipo kundi jingine visiwani ambalo linasahauliwa kila mara. Ni wale waliotoka Bara, wamo Waluguru pia, wanaofanya kazi mahotelini, sokoni na majeshini. Ili kumchagua Rais wa Zanzibar na Mwakilishi, sheria inawataka wawe wamekaa mfululizo miezi 36. Asiyetimiza hilo huwa na nafasi ya kupiga kura katika uchaguzi wa Muungano tu, kwa orodha ya Tume ya taifa. Hivyo kituo kimoja kinaweza kuwa na orodha mbili na watu wa aina mbili, na ugomvi mwingi tunaousikia mlangoni hutokana na karani kutazama orodha isiyo ya mtu huyo. Kuwafundisha makarani tofauti hiyo kwa siku mbili badala ya nusu siku hakuhitaji sheria mpya.

Tunajua kwamba uchaguzi mkuu ujao ni wa mwaka 2030, na kwamba mazoea yetu ni kulikumbuka daftari pale kampeni zinapobisha hodi. Safari hii kuna sababu ya kuanza mapema. Bunge lilitunga sheria mpya za uchaguzi na za Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi mwaka 2024, na sheria zikiwa changa ni rahisi kanuni zake kunyooshwa. Kitabu cha kuandikia waliorudishwa, bahasha yenye lakiri, orodha ya kata mezani na idadi ya kura za mapema kutangazwa jioni ile ile, mengi katika hayo yanaweza kuingizwa katika kanuni na maelekezo ambayo Tume hizi mbili hujitungia zenyewe. Tunawaomba makamishna wa Dodoma na wa Unguja wakutane juu yake, na wakikutana, wamwite pia msimamizi wa kituo kimoja cha milimani, aliyewahi kumwambia mtu arudi, awaeleze ilivyokuwa.